Kadi yako haijaungua, mdogo wangu

Wiki hii huyu ni wa nne. Kijana anashuka kwenye bodaboda hapa nje, Kirumba, amelikumbatia lile boksi ambalo Mwanza nzima tunaliita CPU, salamu yenyewe nusu: "Fundi, umeme ulikatika, kadi imeungua." Kadi anayosema ni ya picha, ile inayochora kwenye skrini, na mfukoni ana nyingine ya mtumba, GT 710, kashainunua. Amekuja niifunge tu.

Nikaiwasha mashine na kadi yake ileile, GTX 1050. Nembo ikaja. Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikaja, maandishi safi kabisa. Halafu weusi, na kistari cheupe kinapepesa pale juu kushoto.

Sasa jamani, hiyo nembo nani kaichora? Kama waya umechomekwa kwenye kadi yenyewe (angalia hilo kwanza, wapo wanaochomeka kwenye mazabodi halafu wanailaumu kadi), basi ni kadi imechora. Maiti hachori.

Umeme una kesi ya kujibu, ila nyingine. Ulikatika mfumo wake wa Linux ukiwa katikati ya kujisasisha. Kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, ilishaingia, lakini moduli ya NVIDIA (kipande cha draiva ya watengeneza kadi kinachoingia ndani ya kerneli) ya kuendana nayo ilikuwa bado inajengwa. Mashine ikiwaka inaishika kerneli mpya, inatafuta moduli, haipo. Nouveau, draiva ya bure inayokuja na Linux, nayo ilifungiwa mlango siku ile ulipoweka draiva ya NVIDIA. Kadi imekaa pale nzima, haina dereva.

Nikarudi GRUB, nikachagua kerneli ya zamani, desktopu ikafunguka mbele ya macho yake. Kilichobaki ni sudo dpkg --configure -a kumalizia usasishaji uliokatika, kuhakikisha linux-headers za kerneli mpya (faili zinazohitajika kujenga moduli) zipo, na kusoma dkms status kuona kama moduli imejengwa. Moduli ikiwa imejengwa na bado haiingii, tazama Secure Boot, ulinzi wa mazabodi wakati wa kuwaka, kwa mokutil --sb-state. Moduli isiyo na saini hukataliwa. Dakika ishirini, na chai nilikunywa humohumo.

Kinachonichosha hasa ni wajuaji wa magrupu ya WhatsApp na dawa yao moja: "Weka nomodeset." Sawa, weka, lakini ujue umefanya nini. Umeiambia kerneli isiruhusu draiva ya kadi kupanga skrini, itumie picha ileile iliyoachiwa na mazabodi. Utaona kitu, ndiyo. Ukishaona, tengeneza draiva, kisha uiondoe. Watu wanaiandika ndani ya /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB, inakaa humo miezi. Yupo mpiga video za harusi wa Buzuruga aliyeniletea mashine akilalamika kwamba Linux ni nzito, video zinakatakata. Nikaandika glxinfo -B, kuuliza nani anachora. Jibu: llvmpipe. Yaani kila picha ya bibi harusi ilikuwa inachorwa na prosesa peke yake, na kadi ya laki kadhaa ipo pembeni inapigwa upepo wa feni. Nikafuta neno moja, nikaandika sudo update-grub, nikarestati. Akaniuliza nimemwongezea RAM kiasi gani.

Hata hivyo, hoja yangu ya nembo imewahi kuniaibisha. Mwaka jana nilimwapia mama mmoja wa Nyakato kwamba tatizo lake ni draiva. Siku mbili nilizipoteza nikifuta na kuweka upya, na logi ya kerneli, journalctl -k -b -1, ilikuwa inaniambia Xid 79 waziwazi, kwamba kadi imepotea kwenye basi lake. Nikasema ni kulegea tu. Nikasafisha sloti, nikabadilisha pawa saplai. Kuihamishia mashine nyingine, ikafa vilevile. Nembo ni kazi nyepesi. Draiva inapopandisha kasi ndipo mgonjwa anapozimia. Feni yake ilikuwa imejaa wale wadudu wa ziwani, wakavu, wamegandamana na vumbi kama keki. Sijui kama ndio walioiua. Mama nilimrudishia hela yake.

Kwa hiyo sikuhizi nembo naiamini, ila logi naisoma kwanza.

Na ile GT 710? Ni ya ukoo wa Kepler, kizazi cha zamani cha kadi za NVIDIA, mwisho wake draiva za tawi la 470, ambazo NVIDIA waliacha kuzihudumia 2024. Kijana angeifunga, angepata weusi wa kweli na angeniletea tena kwa bodaboda. Muuzaji kagoma kuipokea. Ipo hapa dukani juu ya kabati, anayeihitaji tuelewane.