Kaliba ya Bunduki na Mawindo Makubwa ya Mbali

Kaliba ni neno tunalolisikia zaidi kwa watangazaji wa mpira kuliko kwa wawindaji. "Huyu si wa kaliba yake," anasema mtangazaji, na kila msikilizaji anaelewa kwamba mmoja ni mkubwa na mwenzake bado. Kwenye bunduki neno hilohilo halisemi ukubwa wala ubora. Linasema upana tu: upana wa tundu la mtutu, na kwa hiyo upana wa kichwa cha risasi kinachopita humo. Wengi wanaokosea kuchagua bunduki ya kuwindia hukosea hapo, wakidhani kaliba kubwa ni nguvu nyingi, kama kwa wachezaji.

Kipimo huandikwa kwa inchi au kwa milimita. Kaliba ya .308 ni inchi 0.308, sawa na milimita 7.8. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyochongwa kwa msokoto ili kuizungusha risasi, kwa hiyo tundu lina vipimo viwili: kutoka tuta hadi tuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifuo, na kutoka mfuo hadi mfuo. Watengenezaji hawakuwahi kukubaliana watumie kipi kwenye jina. Ndiyo maana .300 Winchester Magnum na .308 Winchester (Winchester ni mtengenezaji, Magnum ni jina la risasi zenye baruti nyingi) hutumia kichwa cha upana uleule mmoja, na .270 Winchester ya mwaka 1925 ina kichwa cha inchi 0.277. Nayo .30-06 imebeba tarehe ndani ya jina lake: 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Jina la risasi lisome kama jina la mtu. Linakuonyesha ukoo, lakini tabia utaijua mwenyewe baadaye.

Kiswahili nacho kinatuongezea kazi kidogo, maana sisi huita risasi kitu kizima na pia kile kipande kinachoruka. Hapa tuvitenganishe. Kitu kizima kina ganda la shaba, fataki ya kuwasha baruti kwenye kitako, baruti yenyewe ndani, na kichwa mbele. Kaliba ni ya kichwa. Nguvu inatoka kwenye baruti, na baruti inategemea ganda lina nafasi kiasi gani. Ziweke mezani .308 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum, zikiwa zimesimama wima kwa kitako. Vichwa vyake ni vya upana mmoja kabisa. Maganda ndiyo yanayopishana: la kwanza lina urefu wa milimita 51, la pili 63, la tatu kama 67 na tena limenenepa kiunoni. Kaliba moja, bunduki tatu tofauti.

Sasa umbali. Wawindaji wengi huanza kusema "mbali" baada ya mita 300, na hapo mambo mawili huanza kuila risasi: hewa na mvutano wa ardhi. Chukua .300 Winchester Magnum yenye kichwa cha kawaida cha greini 180, yaani gramu 11.7. Inatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya joule 4,700 hivi. Ikifika mita 500 mwendo umeshuka hadi mita 600 na kitu, na nishati iliyobaki haifiki nusu. Njiani imetumia kama theluthi mbili za sekunde, na katika muda huo imeanguka takriban mita 2 chini ya mstari wa mtutu. Katika mita 250 ilikuwa haijaanguka hata nusu mita. Umbali umezidi mara mbili, mwanguko umezidi zaidi ya mara nne.

Theluthi mbili za sekunde zinaonekana si kitu. Lakini mnyama anayetembea pole husogea karibu mita moja katika muda huo. Ulilenga nyuma tu ya bega, kwenye moyo na mapafu. Akipiga hatua wakati kidole kinamalizia kuvuta, risasi inamkuta tumboni. Hakuna kaliba inayotibu hilo. Kwa mnyama anayetembea mimi ningesubiri asimame, hata bunduki iwe ya aina gani.

Kuporomoka kwa risasi kunahesabika, na darubini za siku hizi hurekebishwa kwa hesabu hiyo. Upepo ndio mtihani, kwa sababu huuoni, na ulipo wewe huenda si sawa na ulipo mnyama. Hapa umbo la kichwa hupita kaliba kwa umuhimu. Kichwa kirefu, chembamba, chenye ncha kali na kitako kilichochongoka kinaikata hewa vizuri. Kifupi na kinene kinasukumana nayo. 6.5 Creedmoor, risasi ya milimita 6.5 iliyotoka mwaka 2007, ilipata sifa kwa jambo hilo zaidi ya jingine lolote. Kichwa chake cha greini 143 kinaanza polepole kuliko ile .300, karibu mita 820 kwa sekunde, lakini hakipotezi mwendo haraka, na kwenye mita 500 ile tofauti ya mwendo imekaribia kufutika. Uzito ndio unaobaki kuzitenganisha. Hiyo Creedmoor hushuka chini ya joule 2,000 mahali fulani kati ya mita 350 na 400, wakati .300 bado inazo kwenye mita 500.

Joule 2,000 nimezitaja kwa sababu wawindaji wa Amerika Kaskazini wana kanuni ya mdomo inayotaka kiasi hicho kwa elki, yule paa wao mkubwa anayeweza kupita kilo 300. Ni kanuni ya kukumbukia tu, si sayansi. Nishati haiui mnyama. Kinachoua ni tundu pana lililopita kwenye mapafu au moyo, na hilo linategemea kichwa cha risasi kufunguka.

Kichwa cha kuwindia hutengenezwa kwa madini laini ya risasi ndani ya koti la shaba, au shaba tupu yenye tundu kwenye ncha. Kikigonga nyama kwa kasi hufunguka kama uyoga na kupanua njia yake. Kikifika taratibu mno hakifunguki. Kinatoboa kama msumari, na mnyama anakwenda kufia kichakani kilomita kadhaa mbele, au hafi na anabaki na kidonda. Vichwa vingi vya kawaida vinahitaji mwendo wa mita 550 kwa sekunde hivi ili vifunguke vizuri. Vipo vilivyoundwa kwa masafa, ambavyo hufunguka hata kwenye mita 400 kwa sekunde, lakini vikimgonga mnyama wa karibu kwenye mfupa wa bega vinaweza kusambaratika kabla ya kuingia ndani. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si "kaliba gani ina nguvu". Uliza kichwa hiki kinahitaji mwendo gani ili kifunguke, kisha tazama kwenye jedwali la mtengenezaji mwendo huo unaishia mita ngapi. Huo ndio mwisho wa risasi yako, hata kama darubini inakuonyesha mnyama aliye mbali zaidi.

Upande wa pili wa bunduki kuna bega lako. Kwa bunduki za uzito sawa, .300 Winchester Magnum hupiga teke karibu mara mbili ya 6.5 Creedmoor. Mtu anayeogopa teke hufumba macho na kuukaza mwili nukta moja kabla ya mlio, na hajui kwamba amefanya hivyo. Ukitaka kumkamata, mwekee mwenzako ganda tupu chemberini bila yeye kujua: atavuta, hakuna mlio, lakini mdomo wa mtutu utainama waziwazi. Kwa mita 100 kuinama huko kunasameheka. Kwa 400 umekosa mnyama mzima, au mbaya zaidi, umempiga mguu. Vifaa vya kuelekeza moshi pembeni mwa mtutu hupunguza teke sana, ila mlio wake unaumiza masikio ya kila aliye karibu.

Kuhusu nyati na tembo tusivutane: hao si mawindo ya mbali. Nchi kadhaa za Afrika zimeweka .375 kuwa kima cha chini kwa wanyama hatari, na .375 H&H Magnum ya mwaka 1912 ndiyo imekuwa kipimo cha wengi, kwa kichwa cha greini 300. Mara nyingi mtu hujibu kwa kumtaja W.D.M. Bell, Mskoti aliyeua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alisogea karibu sana, alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, na alilijua fuvu la tembo mpaka ndani mahali ubongo ulipo. Mfano wake unathibitisha shabaha, hauthibitishi kaliba ndogo.

Basi ukiondoa hao, uchaguzi hubaki mwembamba kuliko watu wanavyoubishania. Kwa swala na paa wa wastani mpaka mita 350, kaliba ya 6.5 yenye kichwa kizuri inatosha na haimchoshi mpigaji. Kwa wanyama wa kilo 300 na kuendelea, katika umbali unaokaribia mita 500, ningehamia 7mm Remington Magnum ya 1962 au .300 Winchester Magnum iliyofuata mwaka mmoja baadaye, kwa kichwa kizito kuliko kile cha bei nafuu kinachojaa rafuni. .338 ni ya mtu aliyeshamudu hizo bila kufumba macho. Na kabla ya kununua vichwa virefu, angalia msokoto wa mtutu: kichwa kirefu kinataka mifuo inayozunguka haraka, kwa mfano mzunguko mmoja kila inchi 8 kwa kaliba ya 6.5. Msokoto ukiwa wa polepole, kichwa huyumba hewani na karatasi ya shabaha hutoboka kwa ubavu.

Kujua umbali wako mwenyewe, tafuta sahani ya karatasi ya sentimita 23, inayokaribia upana wa moyo na mapafu ya paa. Ipige ukiwa umepiga goti au umeegemeza bunduki kwenye mkoba, usitumie meza ya uwanja wa shabaha. Rudi nyuma mita 50 kila mara, risasi tano kila kituo, hadi moja itoke nje ya sahani. Wengi huishia kati ya mita 150 na 250. Na katika mita 250, .30-06 ya zamani humwangusha mnyama yuleyule ambaye magnum ingemwangusha, kwa teke dogo zaidi.