Je, Wajua Kwa Nini Fundi wa Bao Huweza Kusahau Dawa Zake?

Katika mabaraza mengi ya Ng'ambo, mjini Unguja, ikishaswaliwa Alasiri utamkuta mzee wa miaka sabini na ushei ameinamia bao la mashimo 32, macho yakizunguka safu nne za mashimo manane manane kabla mkono haujagusa kitu. Kete zote ni 64, na mchezaji aliyekwisha kuingia kwenye mtaji, hatua ya pili ya mchezo, hulazimika kuona mbele: akizitia hizi kwa upande wa kushoto zitaishia shimo gani, zitakula ngapi, zilizoliwa zitaanzia kichwa kipi, yaani shimo la mwisho la upande upi, na mwenzake atabakiwa na nini. Mzee huyo huyo akirudi ndani humuuliza mjukuu wake, kwa mara ya tatu siku hiyo, kama shangazi yake amepiga simu kutoka Wete, na kidonge chake cha presha cha asubuhi bado kimo ndani ya karatasi yake juu ya kabati. Watu wa nyumbani hushangaa, na wengine hufikia kusema kwamba anajisahaulisha kwa makusudi. Inakuwaje akili imudu kete 64 na kushindwa na kidonge kimoja?

Jibu la kwanza ni kwamba ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Ustadi wa bao uliokusanywa kwa miaka hamsini umekwisha kuwa mazoea, na mazoea huhifadhiwa katika sehemu za ubongo zilizo tofauti na zile zinazopokea habari mpya. Habari mpya, kama vile simu ya leo asubuhi, hupita kwanza katika kiungo kidogo kiitwacho hipokampusi, kilichomo ndani ya ubongo upande wa kulia na wa kushoto, na katika ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu kidogo kidogo, kiungo hicho ni miongoni mwa vile vinavyoanza kudhurika mapema. Jibu la pili ni jepesi zaidi, lakini halitajwi sana: bao liko mbele ya macho. Kila kete inamkumbusha mchezaji hali ya mchezo ilivyo, kwa hiyo halazimiki kuokota chochote kutoka hewani. Kidonge kinamtaka akumbuke peke yake, katika saa fulani, bila ya kuona wala kusikia kitu cha kumzindua.

Hali hiyo, pale daktari anapoithibitisha, huitwa upungufu mdogo wa utambuzi. Vigezo vyake vilitangazwa mwaka 1999 na Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani: mtu mwenyewe au jamaa zake wanalalamika kwamba kumbukumbu imepungua, vipimo vinaonyesha upungufu uliozidi ule wa umri wake, lakini bado anajimudu katika shughuli zake za kila siku na hajafikia demensia, yaani kupungukiwa na akili kiasi cha kushindwa kujimudu. Mwongozo uliotolewa na madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani mwaka 2018 ulikadiria kuwa hali hiyo huwapata watu 6.7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 60 hadi 64, na 25.2 katika kila 100 wenye miaka 80 hadi 84. Mwongozo huo huo ulionyesha kuwa miongoni mwa wenye hali hiyo waliopindukia miaka 65, takriban 15 katika kila 100 walipata demensia ndani ya miaka miwili, na wapo pia waliorudi katika hali ya kawaida. Kughafilika kwa mzee, kwa hiyo, si hukumu. Tena mara nyengine chanzo chake ni kitu chenye tiba, kama vile upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, huzuni ya muda mrefu, au dawa mbili zisizopatana, na ndiyo maana kupimwa hutangulia mazoezi ya aina yoyote.

Mazoezi yenyewe je, yanafaa? Utafiti uliojulikana kuliko yote katika jambo hili ulifanyika Marekani kwa jina la ACTIVE, ukawashirikisha watu 2,832 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waligawiwa katika makundi manne: kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kwa kufuata mantiki, la tatu kuona na kuamua kwa haraka kwenye skrini ya kompyuta, na la nne halikufundishwa kitu. Mafunzo yalikuwa vipindi kumi tu vya saa moja hivi, katika wiki tano au sita, na baadhi yao waliongezewa vipindi vichache baadaye. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kila kundi lilipanda katika kile lilichofundishwa, na hapo hapo likasimama. Aliyezoezwa mantiki hakuongeza kumbukumbu, na aliyezoezwa kumbukumbu hakuongeza kasi. Baada ya miaka kumi faida ya mantiki na ya kasi ilikuwa bado inaonekana katika vipimo, lakini ya kumbukumbu ilikuwa imekwisha, ingawa makundi yote matatu yalisema wenyewe kwamba yanapata taabu kidogo kuliko kundi la nne katika shughuli za nyumbani.

Ndani ya utafiti huo mlikuwa na jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye faida zaidi kwetu. Washiriki ambao kumbukumbu zao zilikuwa dhaifu tangu mwanzo walinufaika na mafunzo ya mantiki na ya kasi kama wenzao, lakini mafunzo ya kumbukumbu hayakuwafaa. Maelezo yanayoingia akilini ni haya. Mbinu za kukumbuka huwa zenyewe ni mzigo wa kukumbuka. Mwambie mzee mwenye kumbukumbu nzima atie vitu vya kununua katika njia anayoijua, samaki mlangoni mwa soko la Darajani, vitunguu kwenye kanisa la Mkunazini, sabuni penye Jaws Corner, mpaka afike Forodhani, naye huenda akarudi na vyote. Mwenye upungufu itambidi akumbuke vitu, akumbuke alivitia wapi, na akumbuke kwamba kulikuwa na mbinu.

Kanuni ya kuwa mtu huongeza kile anachokizoea tu ndiyo inayoeleza pia kwa nini fundi wa bao hakulindwa na bao lake, na kwa nini michezo ya simu inayouzwa kwa ahadi ya kunoa ubongo inahitaji kutazamwa kwa jicho la tahadhari. Mwaka 2016 kampuni iliyotengeneza programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuishtaki kwamba iliwaahidi wateja wake kinga dhidi ya usahaulifu wa uzeeni bila ya ushahidi wa kutosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mafunzo ya utambuzi yanaweza kutolewa kwa wazee wenye upungufu mdogo, na papo hapo linakiri kuwa ushahidi uliopo ni dhaifu. Sisemi bao liachwe; bao lina watu, lina kicheko na kutaniana, na upweke ni katika mambo yanayoongeza hatari ya demensia. Ila lisihesabiwe kuwa ni dawa ya kusahau kidonge.

Kama ubongo huongeza kile kile unachozoezwa, basi njia ya karibu ni kukizoeza kidonge chenyewe. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Landauer na Bjork, walionyesha kwamba jina jipya hushikwa vizuri zaidi iwapo mtu ataulizwa tena na tena kwa nafasi zinazorefuka kidogo kidogo, na baadaye mbinu hiyo ikatumiwa kwa wenye maradhi ya kusahau. Waliopita chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, wataitambua mara moja, kwani ni jamaa ya kudurusu: aya ya leo husomwa leo, ikarudiwa kesho, ikarudiwa tena baada ya siku kadhaa. Kwa mzee, mtoto au mjukuu huchagua jambo moja tu na kulitia katika maneno mafupi: "Nikishatoa salamu ya Alfajiri, nameza kidonge." Kisha humuuliza, "Babu, ukishatoa salamu ya Alfajiri unafanya nini?" Baada ya dakika moja humuuliza tena, halafu baada ya dakika mbili, nne, nane, huku katikati wakizungumza mambo mengine. Akikosea haachwi akabahatisha, wala haambiwi "si nimekwambia sasa hivi?", kwa sababu kosa lililorudiwa nalo hujifunzwa; hupewa jibu pale pale, akalisema mwenyewe, na nafasi ya kuuliza ikarudishwa ile aliyoimudu mwisho. Kidonge nacho huwekwa kando ya msala pamoja na gilasi ya maji, ili asubuhi kiwepo kitu cha kuonekana, kama kete zinavyoonekana baoni.

Swala hufaa kuwa ndoana ya kumbukumbu kwa sababu ni mazoea ya kale yasiyohitaji kukumbukwa upya. Chai ya asubuhi nayo hufaa, isipokuwa kwa mwezi mmoja. Ramadhani ikiingia chai ya asubuhi haipo, na mzee aliyeambiwa ameze dawa baada ya chai atapitisha siku nzima bila ya dawa, au atazimeza mbili kwa pamoja usiku akidhani analipa. Hata yule wa Alfajiri hawezi kumeza baada ya salamu, kwani saumu imekwisha kuanza. Daktari au mfamasia aulizwe mapema kama mzee anaweza kufunga na kama dawa inaweza kuhamishwa daku au futari, na maneno mapya yaanze kudurusiwa tangu Shaabani, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, ndoana ya zamani ikiwa bado inafanya kazi.