Muindi Mbingu Street: jina lililotokana na mgogoro wa ng'ombe

Ukitoka bustani ya Jevanjee kwenda City Market, Nairobi, unapita Muindi Mbingu Street. Zamani iliitwa Stewart Street. Nikiwauliza wanafunzi Muindi Mbingu alikuwa nani, wengi hujibu "mpigania uhuru". Ni kweli, ila yeye alianzia kwenye ng'ombe.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilidai kwamba udongo wa Machakos unamomonyoka kwa kuwa Wakamba wamezidisha mifugo. Kwamba malisho yao mazuri, hata huko vilima vya Mua, yalikuwa yamechukuliwa na walowezi, hilo halikusemwa kwa sauti. Mwaka 1938 kiwanda cha nyama cha Liebig kikafunguliwa Athi River, nacho kilitaka ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Ikatoka amri ya kupunguza mifugo kwa lazima. Ng'ombe waliozidi kiwango walichopangiwa wenyewe wakaswagwa hadi mnadani, wakauzwa kwa bei ya kutupa. Hao ndio waliokuwa mahari ya kijana, maziwa ya watoto na akiba ya mwaka wa njaa.

Samuel Muindi Mbingu, kiongozi wa Ukamba Members Association, alizunguka akiwahimiza watu wakatae. Mwishoni mwa Julai 1938 Wakamba wapatao 2,000, wanaume kwa wanawake, wengine na watoto wao, walifika Nairobi na kupiga kambi Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Walitaka kuonana na Gavana, basi. Wakakaa wiki kadhaa bila fujo, wakilala na kupika hapo hapo. Kwangu mimi, subira hiyo ndiyo iliyoitia serikali hofu kuliko mawe ambayo yangerushwa.

Muindi alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, mbali kabisa na Ukambani. Hata hivyo serikali ililegea: uuzaji wa lazima ukasitishwa, na ng'ombe waliokuwa bado hawajauzwa wakarudishiwa wenyewe.

Leo barabara yake inapita mbele ya soko lenye mabucha, na kibao kina jina tu. Ningependa sana chini yake paandikwe mwaka 1938 na neno Kariokor, ili mpita njia apate pa kuanzia kuuliza.