Vinasaba, kibatari na hesabu ya mchakachuaji

Mwaka 2010 neno "kuchakachua", yaani kuchanganya kitu kwa ulaghai, lilizagaa Tanzania nzima, hadi kwenye kura za uchaguzi mkuu likapachikwa. Sisi tunaopima mafuta tulikuwa tunacheka tu, maana mwenye neno alikuwa yule wa kituo cha mafuta.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili mwenye kibatari amudu, dizeli ikabeba kodi kubwa. Ukiyachanganya, tofauti ya kodi inaingia mfukoni mwako. Anayelia ni mwenye lori: mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vyuma kama dizeli, na pampu ya injini inasagika kabla ya siku zake.

Mwaka huohuo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaleta vinasaba. Ni kemikali kidogo mno, huioni wala huinusi, inayotiwa ghalani kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ya kuuzwa nchini. Mkaguzi akifika kituoni anachukua sampuli na kifaa kinamsomea kiasi kilichomo. Kikipungua, kuna kitu kimeongezwa: mafuta ya taa, au yale ya transiti ya kwenda Zambia au Kongo, ambayo hayakulipiwa kodi yetu na hayana kinasaba.

Kuna kituo kimoja meneja alituletea soda baridi hata sanduku la vifaa hatujalifungua. Kipimo kikasoma karibu nusu ya kinachotakiwa. Akasema ni mvua, maji yameingia kwenye tangi. Mwenzangu akapaka dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya fimbo, akaizamisha hadi chini, akaitoa. Rangi ileile, hakuna maji. Soda zikabaki mezani.

Lakini sitawadanganya kwamba sisi na masanduku yetu ndio tuliowaweza. Ukaguzi unakamata kituo hiki leo, kesho mchanganyiko unahamia kingine, usiku. Kilichowavunja mgongo ni bajeti ya 2011/12, ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi kuchanganya kukawa hakuna maana. Uagizaji wa mafuta ya taa ukaporomoka, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba sehemu kubwa haikuwa ikienda kwenye vibatari. Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, kwa sababu hiyohiyo.

Bibi wa kijijini asiye na umeme alilipishwa dhambi ya mtu wa mjini, na hilo mpaka leo linanikera. Ruzuku ingemfikia vipi bila kupitia kwenye bei ya pampu? Sijawahi kusikia jibu la kuridhisha, hata kutoka kwa wachumi wetu.

Mwanya wa transiti, wenyewe, haukuguswa na ushuru ule. Huko bado ni lakiri kwenye malori, vifaa vya kufuatilia safari, na sisi na fimbo zetu.