Mwendelezo katika tamthilia ya kusafiri katika wakati

Mwendelezo, kwa watu wanaotengeneza picha, ni kazi ya kuhakikisha kwamba hadithi haijipingi yenyewe machoni na masikioni mwa mtazamaji. Dada akitoka chumbani amejifunga kanga nyekundu, akifika barazani awe na kanga ileile, imefungwa vilevile. Chai iliyobaki nusu kikombe isirudi kujaa bila mtu kumimina. Kwenye lokesheni, yaani mahali pa kurekodia, za Dar es Salaam wengi huiita kontinyuiti, na mara nyingi anabebeshwa msaidizi wa muongozaji ambaye tayari ana kazi nyingine lukuki. Kwa tamthilia ya mapenzi inayozunguka kwenye nyumba mbili za Sinza, utaratibu huo unavumilika. Kwa tamthilia ya kisayansi inayohusu kusafiri katika wakati, utaivunja kazi kabla haijafika hewani, kwa sababu humo mwendelezo ndio hadithi yenyewe.

Chanzo cha tabu ni kwamba tamthilia hairekodiwi kwa kufuata hadithi. Ukikodi nyumba ya zamani Upanga kwa siku chache, utarekodi humo kila sini, yaani kila onyesho, inayotokea katika nyumba hiyo, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, kisha urudishe funguo. Mwigizaji analia msibani asubuhi, na baada ya chakula cha mchana anacheza sini ya siku alipofahamiana na huyo marehemu. Mtu wa mwendelezo ndiye anayejua kwamba baina ya sini hizo mbili hadithi imepita miezi, kwa hiyo nywele zisukwe upya, pete ivuliwe na kalenda ya ukutani ibadilishwe.

Sasa tuseme kampuni ya vijana wa Dar inataka kutengeneza tamthilia ya sehemu 12. Mhusika mkuu ni binti fundi simu wa Kariakoo anayegundua njia ya kwenda mwaka 1968 na mwaka 1905, na kurudi. Tamthilia ya kawaida ina mipangilio mitatu ya kufuatilia: wa kurekodi, wa kurushwa hewani, na wa kalenda ya hadithi. Hii inaongeza wa nne, ambao ni maisha ya binti mwenyewe, siku baada ya siku kama anavyoziishi yeye. Huo wa nne ndio unaowashinda watu.

Chukua kovu. Binti anaungua mkono kwa pasi ya kulehemu akiwa mwaka 1968, katika sehemu ya 7. Anayefuata kalenda atasema: ameungua 1968, basi mwaka 1905 hana kovu na leo analo. Atakosea. Swali ni kama safari ya 1905 aliifanya kabla au baada ya kuungua, kwa kuhesabu siku zake mwenyewe. Ikiwa alikwenda 1905 baadaye, kovu litaonekana miaka 63 kabla ya moto uliolisababisha. Na kama sehemu ya 2 ilimwonyesha binti huyuhuyu kwa mbali, akivuka barabara mwaka 1905 na mkono umefungwa kitambaa, basi mtazamaji makini alishapewa habari ya sehemu ya 7 bila kujua amepewa. Akifika hapo atarudi kuitazama sehemu ya 2, atawapigia wenzake simu. Mimi naamini watu wanazipenda tamthilia hizi kwa ajili ya saa hiyo hasa, na mtu wa vipodozi akisahau kitambaa, hiyo saa haiji.

Kwa hiyo daftari la mwendelezo linahitaji safu nne kwa kila sini, pamoja na picha za simu za kila mwigizaji kabla kamera haijawashwa na baada ya kuzimwa. Safu ya nne inabeba namba ya siku ya mhusika: binti siku ya 1, binti siku ya 19, na kuendelea, hata akiruka karne. Namba hiyo iandikwe pia kwenye ubao wa klapa, ule unaogongwa mbele ya kamera kabla ya shoti, ili mhariri ambaye hakukanyaga lokesheni aione kila anapofungua faili.

Safu hii ya nne haikubuniwa na waandishi wa hadithi peke yao. Mwaka 1905, mwaka uleule tunaompeleka binti, Albert Einstein alichapisha nadharia yake ya uhusianifu, inayosema kwamba hakuna saa moja inayotawala ulimwengu wote. Kila msafiri ana wakati wake, kutegemea mwendo wake na, kama Einstein alivyoongeza miaka kumi baadaye, nguvu ya uvutano mahali alipo. Jambo hilo lilipimwa. Mwaka 1971 mwanafizikia Joseph Hafele na mwanaastronomia Richard Keating walipanda na saa za atomu kwenye ndege za abiria, wakaizunguka dunia kwa kuelekea mashariki, kisha kwa kuelekea magharibi. Waliporudi na kuzilinganisha na saa zilizobaki ardhini Marekani, zile za mashariki zilikuwa zimechelewa kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 59 hivi, na za magharibi zimetangulia kwa nanosekunde 273 hivi. Hata ramani ya simu inayomwelekeza dereva wa bodaboda Tabata inategemea hesabu hiyo: saa za setilaiti za GPS hutangulia za ardhini kwa karibu mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 38 kila siku, na zisiporekebishwa, ramani ingepotoka kwa kilometa kadhaa kwa siku. Kwenda mbele katika wakati kwa namna hiyo, basi, ni jambo lililothibitishwa, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Kurudi nyuma hakujathibitishwa. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu ambao njia ya msafiri inajipinda mpaka kwenye wakati wake uliopita, lakini huo si ulimwengu tunaouona. Mwandishi wa tamthilia yuko huru kuujaza mwanya huo. Akishaujaza, anabanwa na alichosema.

Dar es Salaam ni mji mgumu sana kwa kazi hii, na ndiyo maana nautamani utengenezewe tamthilia ya namna hii. Mji unabadilika haraka na hauachi nafasi ya kuweka kamera. Nenda Coco Beach urekodi jioni ya mwaka 1968, na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 litaingia kwenye shoti. Barabara ya Morogoro ina vituo vya mwendokasi tangu 2016. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inafaa kwa sini za 1968 ukiuacha nje ya picha mlingoti wa taa na maghorofa ya nyuma yake, lakini mwaka 1905 haikuwepo. Barabara inayopita hapo leo ni Samora. Baada ya uhuru iliwahi kuitwa Independence Avenue, na enzi za Mwingereza Acacia Avenue, kwa hiyo hata kibao cha mtaa kina zamu zake. Jengo la soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli lilikamilika katikati ya miaka ya 1970, likaungua Julai 2021. Binti wetu wa Kariakoo akirudi 1968 hatalikuta, na hiyo ni sini nzuri kuliko mashine yoyote ya kuwakawaka: anasimama mtaani kwao, anatafuta jengo analolipita kila siku, halipo.

Kwa 1905 una bahati moja. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, bado limesimama pale ufukweni, na ujenzi wa reli ya kati kutoka Dar ulianza mwaka huohuo wa 1905, kwa hiyo kelele za vyuma na vibarua zina nafasi yake. Upande wa kusini Vita vya Maji Maji vimeanza. Fedha ni rupia na hela za Wajerumani. Barua kati ya Waswahili wawili, kwa sehemu kubwa, ingeandikwa kwa hati za Kiarabu, na prodyuza anayejali atamtafuta mzee anayejua kuiandika badala ya kuchapa kwa kompyuta. Mwaka 1968 fedha ni shilingi ya Tanzania, iliyokuwa na miaka miwili tu. Mabasi ya mjini ni ya kampuni ya DMT. Shirika la mabasi la UDA lilianza mwaka 1974, daladala zikaja miaka ya 1980. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, kwa hiyo sebule ya 1968 ina redio, na redio inasema ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa sini za leo, usisahau namba za magari. Hapa mjini mtu akisema gari lake ni "namba D" au "namba E", watu wanajua limesajiliwa miaka gani. Namba E ikipita kwenye sini inayodai kuwa ni ya mwaka 2010, mtazamaji wa Dar hatakusamehe.

Sauti ndiyo inayosahaulika zaidi. Bodaboda inaweza kufutwa kwenye picha na ikabaki kwenye sauti. Hata kunguru wana tarehe. Hawa wa Dar wenye shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuvukia bara baadaye. Ukirekodi Kivukoni alfajiri, kipaza sauti kitajaa kunguru, na sini ya 1905 haiwataki. Usemi nao uko hivyo. Karani wa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, atamwita binti "ndugu", na binti akimjibu "bosi wangu, niunganishie bando" kila mtu ofisini ageuke. Hapo lugha ya leo iko mahali pasipo pake kwa makusudi, na ni sawa. Kosa ni pale karani mwenyewe anapoteleza kusema "poa".

Juu ya yote hayo iko kanuni ya wakati, yaani hadithi inaruhusu nini kitokee ukigusa yaliyopita. Swali la zamani linajulikana: ukirudi ukamzuia babu yako asimuoe bibi, nani aliyerudi? Kuna njia tatu za kulijibu. Ya kwanza inasema yaliyopita hayabadiliki, na chochote msafiri atakachofanya kilishakuwemo. Mwanafizikia Igor Novikov wa Urusi ndiye anayehusishwa na kanuni hiyo katika sayansi. Ya pili inaruhusu mabadiliko: ukigusa 1905, leo inageuka. Ya tatu inasema kila mguso unazaa dunia nyingine pembeni, wazo linalochota kwa mbali kwenye kazi ya Hugh Everett ya mwaka 1957.

Waandishi hujadili njia hizi kama suala la falsafa. Kwa prodyuza ni suala la bajeti, na nadhani hili halisemwi vya kutosha. Ukichagua njia ya pili, kila binti anapobadilisha jambo, Kariakoo ya leo lazima ivishwe upya: mabango mengine, sare nyingine za shule, nyumba ya mama yake yenye rangi nyingine. Sini tano za nyuma zinarudiwa zikiwa na tofauti. Njia ya tatu inazidisha gharama hiyo, tena inadai alama ambayo mtazamaji ataitambua mara moja ajue yuko dunia ipi. Njia ya kwanza inatumia lokesheni ileile, mavazi yaleyale, na mara nyingine hata shoti ileile ikitazamwa kutoka upande wa pili. Mzigo wake wote uko kwa mwandishi, kwa sababu sehemu ya 12 lazima iwe imeandikwa kabla ya kurekodi sehemu ya 1. Kwa kampuni ya hapa yenye fedha kidogo na waandishi wenye bidii, ningeichagua hiyo bila kusita. Kibali cha kurekodi kutoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, huombwa kwa kuwasilisha skripti, kwa hiyo kuandika mpaka mwisho kwanza si hasara.

Liko jambo ambalo kanuni nzuri haiwezi kulizuia: mwigizaji kuondoka. Tamthilia ya Uingereza Doctor Who, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 1963, ilikutana nalo mapema. William Hartnell, aliyeigiza msafiri mkuu, aliondoka mwaka 1966, na watengenezaji wakaamua kwamba kiumbe huyo, akifikia kufa, hugeuka na kuwa na mwili mwingine. Patrick Troughton akaendelea na nafasi hiyo. Tatizo la ajira likawa sehemu ya kanuni, na tamthilia ikaishi miongo mingi. Kilichowezesha hilo ni kwamba kanuni mpya haikupinga chochote kilichokwisha kuonyeshwa. Ukiwa na daftari lenye safu nne, unaweza kulipekua jioni moja ukajua ni maelezo gani yangekubalika. Bila daftari, utalazimika kutazama upya sehemu zote na kuomba usiwe umepitiwa na sentensi moja.

Basi mtu wa mwendelezo aajiriwe lini? Kampuni nyingi humwita siku ya kwanza ya kurekodi, na wakati huo ameshachelewa. Kwa tamthilia hii aanze wiki ileile waandishi wanapoanza sehemu ya 1, akae nao mezani, achore maisha ya kila mhusika kwa siku zake mwenyewe. Kisha azunguke na mpiga picha mahali patakaporekodiwa, akiorodhesha kila kilichozaliwa baada ya 1905 na kila kilichozaliwa baada ya 1968. Lokesheni, jina lake liwe kwenye ratiba karibu na la muongozaji, na akisema "turudie, kovu halipo", turudie, hata kama jua linazama na jenereta imebakiwa na mafuta ya nusu saa.