Kwa nini kukarabati Parthenon kunachukua muda mrefu kuliko kulijenga?

Hekalu la Parthenon, lililo juu ya kilima cha Acropolis mjini Athens, lilijengwa kwa takriban miaka 15 tu, kati ya mwaka 447 na 432 Kabla ya Kristo. Ukarabati wa sasa ulianza miaka ya 1980, na mafundi bado wako kazini. Mbona wa kale waliwahi, na wa leo wenye kreni na kompyuta wanachelewa?

Tuanze na hasara yenyewe. Mwaka 1687 Waosmani, yaani Waturuki waliotawala Athens wakati huo, walikuwa wameweka baruti ndani ya hekalu. Jeshi la Venice likalipiga kwa mzinga, baruti ikalipuka, na nguzo nyingi za pande zote mbili ndefu zikaporomoka.

Pigo la pili lilitoka kwa mtu aliyetaka kuokoa. Kuanzia mwaka 1898 mhandisi Nikolaos Balanos alisimamisha nguzo nyingi, akiunganisha mawe kwa vyuma. Wagiriki wa kale nao walitumia chuma, ila walikizungushia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili maji yasikifikie. Balanos hakufanya hivyo. Mtu wa pwani anaijua hadithi hii: nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka. Ndivyo marumaru ya Parthenon ilivyopasuka kutoka ndani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya leo ni kubomoa ukarabati wa jana, jiwe kwa jiwe.

Na hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza. Ukilitazama kwa mbali, hekalu hili limenyooka kama lililopigwa rula. Sivyo. Sakafu yake imeinuka katikati, kama sentimita 11 kwenye upande mrefu. Nguzo zimeinamia ndani kidogo na zina unene unaobadilika kwa mkunjo mdogo sana. Matokeo yake, kila jiwe lilichongwa kwa ajili ya mahali pake pamoja tu. Balanos aliyapanga mawe mengi popote yalipoonekana kufaa, mengine akayachonga ili yakae. Msanifu Manolis Korres na wenzake walilazimika kupima vipande kimoja kimoja, wakisoma matundu ya vishikizo na alama za mvua, ili kujua kila kimoja kilitoka wapi.

Pingili ya nguzo ikikosa kipande, jiwe la kale haliguswi na patasi. Mafundi huchukua umbo la pale palipovunjika kwa plasta, kisha huchonga marumaru mpya kutoka mlima uleule wa Penteli, kila kishimo na kila kinundu, mpaka jipya linaingia kwenye la kale kama jino kwenye ufizi. Huunganishwa kwa titani, madini yasiyoshika kutu. Viungo hivyo hupigiwa hesabu ili tetemeko likija, titani iachie kabla ya marumaru kuvunjika.

Marumaru mpya ni nyeupe, ya kale ina rangi ya asali. Wengine huona ni kiraka kibaya. Mimi naona ni uaminifu: hata asiye fundi, akisimama chini ya nguzo, anaweza kuonyesha kwa kidole kipi kilichongwa enzi za Pericles, kiongozi wa Athens hekalu lilipojengwa, na kipi kilichongwa juzi.