DEFAULT haikulindi na fomu yako

Nimeulizwa tena wiki hii, "kaka nimeweka DEFAULT kwenye kolamu mbona bado inaingia tupu, databesi ina bagi?" Haina bagi bwana. DEFAULT, ile thamani databesi inayojaza yenyewe, inafanya kazi pale ambapo INSERT yako (amri ya kuingiza rekodi) haijaitaja ile kolamu kabisa. Ukiitaja ukaipa NULL (alama ya "hakuna thamani") inaweka NULL, ukiipa '' (stringi tupu, maandishi yasiyo na herufi hata moja) inaweka '', we si ndo umesema unataka hivyo, ikubishie ya nini?

Na boksi la maandishi kwenye fomu likiachwa wazi halinyamazi, linatuma stringi tupu. Kiboksi cha kutiki ndo kisipotikiwa hakitumi kitu. Kwa hiyo '' inapita kiulaini hata kwenye kolamu ya maandishi yenye NOT NULL, yaani inayokataa NULL (databesi ya Oracle ndo inaihesabu kuwa NULL, hiyo tuiache).

Mi nilitiwa adabu na mfumo wa zahanati moja. Kolamu ya imeili nimeiweka UNIQUE, yaani thamani isijirudie, mgonjwa wa kwanza asiye na imeili kaingia vizuri, wa pili dada wa mapokezi ananipigia, "kaka huku inasema huyu mama ameshasajiliwa." Kuangalia logi: Duplicate entry ''. Yaani kwa databesi wale wawili wana imeili moja, ile tupu! Zingekuwa NULL, kwenye databesi za MySQL na PostgreSQL zingekaa hata elfu, ila SQL Server inakuruhusu moja tu.

Alafu kuna nyie wa kujaza 0 kila mahali "ili isiwe tupu". Uzito wa mtoto kilo 0, jamani? AVG, ile ya kupiga wastani, inairuka NULL ila 0 inaihesabu. Mmoja ana kilo 8, mwingine 10, wa tatu hajapimwa, wastani 9. Mpe 0 huyo wa tatu, wastani unakuwa 6, watoto wa kata nzima wamekonda kwenye ripoti.

Lakini usikimbilie empty() ya PHP (ya kuangalia kama kitu ni tupu) kusafisha kinachotoka kwenye fomu, maana inaila na "0" halali: mama wa mimba ya kwanza kaandika watoto alionao 0, we umemfanya hajajibu. Piga trim kukata nafasi za pembeni, linganisha na '' kwa === (sawa kabisa, hata aina), ikiwa sawa ndo weka NULL.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba "hana imeili" na "hatukumuuliza" zote ni NULL moja. Niliongeza kolamu ya sababu. Mapokezi wanaiacha tupu.